Shaaban Robert, karani wa leta aliyefungua biashara karibu na miaka hamsini



Katika mkutano uliopita maneno yalikuwa mingi juu ya ombi moja la mkopo. Mwanachama mwenzetu, mwalimu, mtu mwenye mvi tayari, aliomba pesa ya kununua mashine ya kusaga mihogo. Wengine walisema hapana. Walisema yule anakula mshahara wa leta, basi mkopo uende kwa mjane au kwa kijana ambaye hana kitu. Wengine wakasema umri wake umekwenda, mashine itaanza kuzaa faida wakati yeye anaingia kaburini. Tulitoka bila kukata shauri. Ndiyo sababu safari hii, kwenye ukurasa wetu wa maisha ya watu wa zamani, tumechagua mtu ambaye alikuwa mfanyakazi wa leta maisha yake yote, na ambaye alianza biashara yake akiwa bado kwenye meza ya ofisi, na umri ukiwa umekwenda. Jina lake ni Shaaban Robert.

Wale waliokimbia mwaka 1996 na kuvuka ziwa mpaka Kigoma wanalijua jina hilo. Kule Tanzania ni jina la barabara katikati ya Dar es Salaam, na ni jina la shule kubwa ya sekondari. Wanamjua kama mshairi. Tena wengi wanafikiri mtu anayesifiwa hivyo aliishi kwa mashairi. Hapana. Aliishi kwa mshahara wa karani, na ulikuwa mshahara mdogo.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, kijiji karibu na mji wa Tanga, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Wakati ule nchi ile ilikuwa chini ya Wajerumani. Wazee wake walikuwa na asili ya Wayao, lakini yeye alijihesabu Mswahili, na alikuwa Mwislamu, ijapokuwa jina la Robert linawadanganya watu. Vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha, Waingereza wakachukua nchi. Kijana Shaaban akapelekwa kusoma Dar es Salaam, toka 1922 mpaka 1926. Alitoka na cheti chake, mmoja kati ya wachache sana waliofaulu, na mara moja akapata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya forodha, ile sisi tunaita duane. Mtu anayepita Kavimvira kila juma anajua karani wa duane anafanya nini: anahesabu mizigo, anaandika, anapiga muhuri, anangojea meli au gari ingine. Shaaban Robert alifanya hivyo toka 1926 mpaka 1944, Pangani na kwingine. Miaka kumi na nane. Alianza na miaka kumi na saba, na alipotoka alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na tano. Baadaye akapelekwa miaka miwili kwenye idara ya mambo ya wanyama. Toka 1946 mpaka 1952 alikuwa karani katika ofisi ya serikali Tanga, na toka 1952 mpaka 1960 alikuwa kwenye ofisi ya upimaji ardhi, kama hapa tungesema kadasta. Ukihesabu yote, ni miaka thelathini na minne ya kazi ya leta, na wakubwa wake wote hao walikuwa wakoloni. Mwafrika wa wakati ule, hata akiwa na akili ya kuongoza idara, alibaki karani.

Hatutaki kupita haraka juu ya ile miaka, maana ndani yake mna jambo. Mshahara mdogo unaokuja kila mwezi unafanya mambo mawili. Unalisha watoto, na unafunga miguu. Wenzetu waalimu na waganga watatuelewa, hata kama kwao ule mshahara wenyewe mara unachelewa, mara unakatwa, mara hauonekani. Mtu anaogopa kuuacha kwa sababu ni kidogo lakini uko. Shaaban Robert hakuuacha. Alichofanya ni kujenga kitu kingine pembeni, polepole sana.

Kitu hicho kilikuwa maandiko. Alianza kwa kupeleka mashairi kwenye gazeti la serikali la Mambo Leo, lililokuwa linatoka Dar es Salaam toka 1923 na kusomwa na kila karani na mwalimu aliyejua herufi. Gazeti halikumfanya tajiri, lakini lilimpa jina. Watu wa bara na wa pwani walianza kumjua bila kumwona uso. Mfanyabiashara yeyote wa soko la Sange atakuambia kwamba jina ni nusu ya mtaji, na huyu alikusanya ile nusu kwa miaka karibu ishirini kabla hajafikiri kuuza kitu chake mwenyewe.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mke wake wa kwanza, Amina, alikufa akamwacha na watoto wadogo. Alimlilia katika shairi ambalo mpaka leo watu wa Afrika ya Mashariki wanalijua kwa moyo. Kwa binti yake aliandika utenzi mrefu wa mashauri, jinsi ya kuishi na watu na jinsi ya kujitunza, na kwa mtoto wake wa kiume pia akaandika wa kwake. Sisi tukisoma tunaona baba mwenye hofu. Hakuwa na shamba kubwa la kuwaachia wala nyumba za kupangisha. Alikuwa na maneno, basi aliwaachia maneno. Alioa tena, na watoto wakaongezeka, na mshahara ulibaki ule ule wa karani.

Tunajua shida zake za pesa kwa sababu aliandika barua. Kwa miaka mingi, toka 1931 mpaka 1958, alimwandikia ndugu yake wa mzazi mmoja, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mtu wa vitabu. Yusuf alizitunza. Zimechapwa kuwa kitabu, na ndani yake unamwona mtu wa kawaida kabisa: habari za jamaa, habari za kazi, vitabu vinavyoandikwa, pesa isiyotosha. Tunapenda kusema hili kwa wanachama wetu vijana wanaotupa karatasi: kama Yusuf angewashia moto wa chai kwa barua zile, leo tungebaki na sanamu ya shujaa tu, na mtu mwenyewe angepotea.

Sasa tuingie kwenye biashara.

Mwaka 1947 mashairi yake yalitoka katika kitabu Johannesburg, Afrika ya Kusini, kwenye matbaa ya chuo kikuu cha Witwatersrand. Fikiri kidogo: mtu anaishi Tanga, anaandika lugha ya Tanga, na kitabu chake kinapigwa chapa huko mwisho wa Afrika, kilometa maelfu. Halafu vikaja vitabu kwa kampuni ya Waingereza, Nelson: Maisha Yangu mwaka 1949, na Kusadikika mwaka 1951. Kingine, Adili na Nduguze, kilitoka mwaka 1952. Kusadikika ndicho kilichomfanya mkubwa. Ni hadithi ya nchi inayoelea angani, ambako mtu mmoja anashitakiwa kwa sababu ametaka kufundisha watu sheria. Kila msomaji alijua nchi ile iko wapi. Tena mwandishi alikuwa anakula mshahara wa wale wale aliokuwa anawasema. Mwaka 1953 serikali ikakataza wafanyakazi wake Waafrika wasiwe wanachama wa vyama vya siasa. Basi yeye alibaki na kalamu na hadithi za nchi zisizokuwako.

Lakini tazama hesabu. Mwandishi anaandika. Mchapishaji aliye mbali anaamua kama kitabu kitatoka, lini, na kwa bei gani. Yeye anachukua sehemu kubwa, duka la vitabu linachukua yake, na mwandishi anapata mabaki, baada ya muda mrefu. Hii mkulima wa mpunga wa bonde la Ruzizi anaijua bila kufundishwa. Analima, anavuna, na bei inakatwa na mwenye lori.

Na kulikuwa na mlango mwingine wa kupita. Toka 1930 kulikuwa na kamati ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ya kusanifisha Kiswahili, na kitabu kilichotaka kuingia shuleni kilipaswa kupata kibali chake. Kwa miaka ya kwanza wakubwa wake walikuwa Wazungu. Baadaye Shaaban Robert mwenyewe akawa mjumbe ndani ya kamati hiyo. Aliijua kutoka pande zote mbili, kama muuzaji na kama mpimaji.

Matokeo yake ni kwamba sanduku lake lilijaa. Kufikirika, hadithi nyingine kubwa, aliiandika mwaka 1946, na haikutoka katika uhai wake. Utenzi wake mrefu juu ya vita ya pili ya dunia, wenye maelfu ya beti, nao ulilala. Siku ya Watenzi Wote ililala. Utubora Mkulima ililala. Huyu ni mtu aliyepewa medali ya Margaret Wrong kwa maandiko yake, na nishani ya MBE na serikali ya Uingereza. Nishani iko kifuani, na kazi ya miaka kumi iko ndani ya sanduku.

Hapo ndipo, mwishoni mwa miaka ya 1950, alipofanya jambo ambalo jamaa wengi wangemwambia ni wazimu. Alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kutoa vitabu, Tanga, akaiita Art and Literature. Alikuwa anakaribia miaka hamsini. Alikuwa bado karani wa upimaji ardhi. Kwa jina la kampuni hiyo vilitoka vitabu vyake kama Insha na Mashairi, Masomo Yenye Adili, na Almasi za Afrika.

Tuseme wazi hii ni biashara ya namna gani, juu wengine watafikiri kitabu si biashara kama butike. Mtoa vitabu analipa kwanza. Karatasi analipia, mpiga chapa anamlipa, halafu anapokea marundo ya vitabu ambavyo hakuna mtu amevinunua bado. Anavitunza, mvua isipige, mchwa asile. Anavipeleka dukani na kwa waalimu, mara nyingi kwa mali kauli, na anangojea pesa irudi kidogo kidogo. Pesa inakaa muda mrefu ndani ya bidhaa. Mama anayenunua ndagala asubuhi Uvira na kuuza jioni hapa hawezi kuishi na biashara kama hiyo hata miezi miwili, maana watoto wanakula kila siku. Anayeweza ni yule ambaye chakula cha nyumbani kinatoka mahali pengine.

Na hapa ndipo tunawajibu wale waliosema mwenye mshahara asikopeshwe. Kwa Shaaban Robert ule mshahara ndio uliomruhusu kungoja. Kitabu kikikaa mwaka mzima bila kununuliwa, watoto bado walipata ugali. Kuna biashara za haraka na biashara za polepole. Ndagala, mafuta, vitunguu, hizo ni za mtu asiye na kitu kingine, na ni haki mkopo wetu wa kwanza uende huko. Mashine ya kusaga iko katikati: inazaa kila siku, lakini inavunjika, na vipuri vinatoka Bujumbura au Bukavu, na siku zile imesimama lazima kuna kitu cha kula. Sisi wa ukurasa huu hatuna kura kubwa kuliko yenu. Tunasema tu kwamba mshahara si sababu ya kumnyima mtu, unaweza kuwa ndiyo dhamana yake nzuri kuliko zote, kama kweli unakuja.

Hatutaki vilevile kumpamba mzee wa watu. Mtu hawezi kuwa mahali pawili. Karani anayehitajika ofisini saa za kazi hawezi kwenda kudai pesa kwenye duka la vitabu, hawezi kusimama kwa mpiga chapa kuangalia makosa. Biashara ya pembeni inapata saa za uchovu. Na yeye alikuwa mwandishi, mchapishaji na karani kwa wakati mmoja, pamoja na vikao vya kamati za Kiswahili. Sisi tunaona kwamba alichelewa. Kama angeanza mwaka 1950 na si miaka minane au tisa baadaye, pengine Kufikirika ingetoka mikononi mwake. Lakini ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa. Mwaka 1950 alikuwa na watoto wa kulea, na hakuna kati yetu anayeweza kusema alipaswa kuwaweka hatarini.

Tunaomba mtuvumilie tuingize hapa habari ya mwanamke mmoja, kwa sababu mama wa soko watatuuliza wao wako wapi katika hadithi hii. Kati ya vitabu vya Shaaban Robert kuna kimoja ambacho ni habari za maisha ya mtu mwingine. Ni maisha ya Siti binti Saad wa Zanzibar, mwimbaji wa taarabu. Alikutana naye muda mfupi kabla hajafa mwaka 1950, akaandika habari zake, na zikatoka mwaka 1958 pamoja na jarida la kamati ya Kiswahili. Siti alikuwa mtoto wa maskini, hakujua kusoma wala kuandika, na alianza kwa kutembeza vyungu alivyofinyanga mama yake, akipiga kelele za kuviuza njiani. Ile sauti ya kuuza vyungu ndiyo watu walioisikia wakaisifu. Mwaka 1928 alikuwa Bombay, India, anaimba kwenye sahani za santuri, na sahani zake zikauzwa pwani yote. Karani wa Tanga alimwandika mwuza vyungu wa Zanzibar kwa heshima ambayo wakati ule watu wengi waliiweka kwa masultani tu. Miaka michache baadaye naye akawa anatembeza bidhaa yake.

Mwaka 1960 alitoka kazini. Sasa alikuwa huru, na kampuni ilikuwa yake, na sanduku lilikuwa bado limejaa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja, umri ambao wengi wetu hapa tulikuwa nao tulipoanza upya na turubai na jembe la msaada. Aliandika pia sehemu ya pili ya maisha yake, akaiita Baada ya Miaka Hamsini. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Lugha aliyoitumikia kwa kalamu yake yote ikawa inakwenda kuwa lugha ya taifa, na soko la vitabu vya Kiswahili, lile alilolingojea maisha yake yote, lilikuwa linafunguka mbele ya macho yake.

Mwezi wa Juni 1962 akafa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Toka aache kazi ilikuwa imepita miaka kama miwili, toka uhuru miezi sita tu. Alizikwa kwao, upande wa Tanga.

Kilichotokea baadaye wenye biashara wasikilize vizuri. Soko lilifunguka kweli. Toka 1966 Nelson walianza kutoa vitabu vyake katika mfululizo mrefu unaoitwa Diwani ya Shaaban. Mwaka 1967 watu wa Oxford wakatoa Kufikirika, miaka ishirini na mmoja baada ya kuandikwa. Mwaka huo huo ukatoka utenzi wa vita. Mwaka 1968 ikatoka Utubora Mkulima, na Siku ya Watenzi Wote. Vikaingia shuleni Tanzania, Kenya na kwingine, vikasomwa na watoto maelfu kwa maelfu, vinasomwa mpaka leo. Kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam imevitoa upya. Lakini bidhaa ile ile iliyolala sandukuni mwa mwenyewe ilikwenda kuuzwa na kampuni kubwa za Waingereza. Duka dogo la Tanga halikukua kuwa duka kubwa. Lilikuwa na mtu mmoja, na mtu yule alikuwa ameondoka.

Tulizungumza juu ya hilo kwenye komite wakati tunaandaa ukurasa huu. Mmoja wetu alikumbusha kwamba kwenye likelemba yetu, wakati fulani, mwanachama alikufa na hakuna mtu nyumbani kwake aliyejua nani anamdai na yeye anamdai nani. Wadai walikuja wote, na wadaiwa hakuonekana hata mmoja. Kwa hiyo tumeongeza mstari katika daftari la mikopo. Anayekopa, awe mwalimu au muuza ndagala, ataandika jina la mtu wa nyumbani anayejua hesabu zake na mahali karatasi zinapokaa, na mtu huyo atakuja mwenyewe kutia kidole. Ombi la mashine ya kusaga litarudi mezani kwenye mkutano ujao. Mwalimu ameambiwa aje na mke wake.